Bandari Zetu na Uumbaji wa Mungu: Wajibu wa Mlei Kisiwani Pemba

(Hotuba kwa viongozi wa Halmashauri ya Walei, makatekista na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani)



Ndugu makatekista, waheshimiwa viongozi wa Halmashauri ya Walei, akina mama wa WAWATA, vijana, na ninyi nyote mliotoka vigangoni kuja kushiriki siku hii,

Nilipoombwa kutoa mada juu ya haki na amani, huenda baadhi yenu mlitarajia kwamba ningezungumza juu ya mirathi ya wajane au migogoro ya mashamba. Hayo ni mambo mazito, na tutayarudia siku nyingine. Leo nimechagua kuzungumza juu ya bandari, na hasa juu ya moshi wa bandarini.

Sisi ni watu wa kisiwa. Mchele tunaokula, saruji tunayojengea, dawa za zahanati, vitabu vya shule, hata divai na mishumaa ya altareni, karibu vyote hutufikia kwa chombo. Karafuu yetu, ambayo ndiyo jasho la kisiwa hiki, huondoka kwa chombo. Mgonjwa aliyepewa rufaa hupanda chombo. Kijana anayekwenda chuoni hupanda chombo. Anayetaka kuijua hali ya Pemba na asimame gatini Mkoani kwa saa moja tu, meli inapofunga. Ataona furaha na machozi, biashara na umaskini, nguvu na unyonge, vyote mahali pamoja. Kwa hiyo mahali hapo pana maswali ya haki, na Kanisa haliwezi kupita pembeni kama kuhani yule wa njia ya Yeriko.

Nitafuata njia yetu ya siku zote: kuona, kuamua, kutenda.

I. KUONA

Tuanze na kitu ambacho kila mmoja wetu amekiona, ila pengine hajakitafakari. Meli inapofunga gati, mashine kubwa inayoisukuma huzimwa. Hata hivyo meli hainyamazi. Injini nyingine ndogo huendelea kunguruma chini, maana meli inahitaji umeme kwa taa, pampu, majokofu, feni na winchi za kushushia mizigo. Umeme huo huzalishwa kwa kuchoma dizeli au mafuta mazito, saa zote ambazo chombo kipo gatini. Huku juu ya gati malori husubiri zamu yao yakiwa hayajazimwa. Moshi wa meli na moshi wa malori hukutana katika kifua cha mtu mmoja, naye ni mchukuzi aliyebeba gunia begani. Hana kinyago wala bima, na hana mahali pengine pa kupata riziki.

Moshi huo una madhara ya namna mbili. Kwanza kuna masizi, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, pamoja na gesi ya salfa. Haya huumiza mapafu na moyo, na madhara yake ni ya hapo hapo bandarini na katika nyumba za jirani. Pili kuna hewa ya ukaa. Hiyo hainuki wala haichomi macho, lakini hupanda angani ikakaa huko kwa mamia ya miaka, ikizuia joto la dunia lisitoke. Ndiyo maana wataalamu huiita gesijoto.

Tuwe wakweli katika hesabu. Meli ni njia isiyo na uchafu mwingi ukilinganisha mzigo kwa mzigo na safari kwa safari. Tani moja ya mchele ikisafirishwa kwa lori au kwa ndege huchoma mafuta mengi zaidi. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa za biashara ya dunia, kwa ujazo, hupita baharini. Kwa sababu ya wingi huo, Shirika la Kimataifa la Bahari lilikadiria kwamba mwaka 2018 meli zilitoa karibu asilimia 3 ya gesijoto zote zitokanazo na shughuli za binadamu. Katika kiasi hicho Pemba ni tone. Bara zima la Afrika, katika shughuli zake zote, hutoa sehemu ndogo tu ya gesijoto za dunia.

Je, madhara nayo ni tone? Waulizeni wavuvi wenye umri wa kutosha juu ya mwaka 1998. Bahari ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe ya Misali yakageuka meupe kama mifupa, sehemu kubwa yakafa. Matumbawe ni nyumba ya samaki. Nyumba ikianguka, mwenye nyumba huhama. Waulizeni watu wa Kisiwa Panza na wakulima wa mabonde ya Micheweni, ambao wameona maji ya chumvi yakiingia katika ardhi waliyolima mpunga wazee wao. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Moshi mwingi umetoka kwa wenye nguvu, na bahari imepanda kwanza kwa wanyonge.

Kuna jambo jingine la kuliona, nalo ni la faraja. Zamani kisiwa hiki kilipata umeme kutokana na jenereta za dizeli za Wesha. Wazee mnakumbuka giza la siku zile, mafuta yalipokwisha au mashine ilipokataa. Mwaka 2010 ulizinduliwa waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari kutoka pwani ya Tanga hadi Pemba, urefu wa kilomita zipatazo 78, wenye msongo wa kilovolti 33, kwa msaada mkubwa wa serikali ya Norway. Tangu hapo umeme wetu ni ule ule wa gridi ya Tanzania Bara, unaotokana kwa sehemu na gesi asilia na kwa sehemu kubwa na maji ya mito. Na sasa bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza sana sehemu hiyo ya maji.

Tazameni basi ajabu hii. Umeme wa maporomoko umevuka bahari na kufika kwetu, umepanda hadi Mkoani na Wete, umefika katika taa za gati lenyewe. Na hatua chache tu kutoka pale, meli iliyofungwa kamba inachoma dizeli usiku kucha ili kuwasha taa zake.

II. KUAMUA

Sasa tuyapime hayo kwa mwanga wa Neno la Mungu na mafundisho ya Kanisa.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 27 tunasoma safari ya Mtume Paulo kwenda Roma. Meli ilitoka Aleksandria, imepakia ngano, na ndani yake mlikuwa na watu 276. Paulo aliwaonya kwamba majira ya kusafiri salama yalikuwa yamepita, na kwamba safari ile ingeleta hasara ya mzigo, ya chombo na ya maisha. Lakini akida aliwasikiliza nahodha na mwenye meli kuliko Paulo. Tuyatafakari maneno hayo mawili: mwenye meli. Tangu zamani katika kila chombo kuna anayemiliki na kuna anayesafiri, na faida ya mmoja huweza kuwa kaburi la mwingine. Dhoruba ilipokuja haikubagua. Ngano ilitupwa baharini, na chombo kikavunjika.

Hatuhitaji kwenda Malta kuielewa sura hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kuja Pemba. Ilikuwa imepakia watu na mizigo kupita kiasi kilichoruhusiwa. Tume ya uchunguzi ilitaja zaidi ya watu 1,500 kuwa wamekufa au hawakuonekana tena. Sijui kama kuna kijiji kisiwani hapa ambacho hakikusoma dua au kusali kwa ajili ya mtu wake. Meli ile ilikuwa imeundwa Ugiriki mwaka 1967. Chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe. Hiyo ilikuwa imefanya kazi Marekani kabla ya kuuzwa huku kwetu.

Kwa nini nataja misiba hiyo katika mada juu ya moshi? Ndugu mmoja aliniuliza swali hilo hilo nilipokuwa nikitayarisha maneno haya. Alisema: "Padre, sisi tunataka maboya ya kuokolea na meli isiyojaza watu. Wewe unatuletea habari za hewa. Hayo si mambo ya Wazungu?"

Swali lake ni la haki, nami nililikaa nalo siku kadhaa. Jibu langu ni hili. Chombo kilichochakaa, ambacho kwao hakitakiwi tena, huuzwa kwa watu maskini. Injini yake hutoa moshi mweusi kwa sababu haikutunzwa. Chombo kile kile ambacho hakikukaguliwa moshi wake hakikukaguliwa pia uzito wake wala maboya yake. Mwenye chombo anayepuuza pafu la mchukuzi ndiye yule yule atakayepuuza idadi ya abiria. Kwa hiyo uchafu na hatari ni watoto wa baba mmoja, naye ni tamaa isiyo na msimamizi. Tukidai ukaguzi wa kweli, tunawadai wote wawili kwa pamoja.

Kanisa limelifundisha jambo hili kwa muda mrefu. Katika ujumbe wake wa Siku ya Amani Duniani, tarehe 1 Januari 1990, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alionyesha kwamba hakuna amani na Mungu Muumba bila amani na viumbe vyake vyote. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 na tena katika Laudate Deum wa mwaka 2023, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni vya kusikilizwa pamoja. Binadamu aliwekwa katika bustani ailime na kuitunza. Hakupewa hati ya kuichoma.

Wala tusidhani kwamba hekima hiyo ni yetu peke yetu. Tunaishi kati ya ndugu zetu Waislamu, nao ndio wengi kisiwani hapa. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika katika kisiwa cha Misali, akakosa msala wa kusalia, basi kisiwa chenyewe kikawa msala wake kwa jinsi kilivyoelekea kibla. Misali ilipowekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, wapo wavuvi ambao hawakuzijali sheria za serikali. Ndipo masheikh na wanamazingira waliposhirikiana kufundisha, kwa msingi wa Kurani, kwamba baruti baharini ni uharibifu wa amana ya Mwenyezi Mungu. Mtu aliyekuwa haogopi boti ya doria alianza kuogopa dhamiri yake. Tukubali kwa unyenyekevu kwamba jirani zetu walitutangulia, tujifunze kwao, na kazi ya bandari tuifanye pamoja nao. Moshi haumuulizi mtu dini yake.

III. KUTENDA

Je, lipo la kutenda? Lipo. Nitayataja mambo manne, kuanzia lile lisilo na gharama kubwa.

La kwanza ni muda. Meli inayosubiri ni meli inayochoma mafuta bure. Kabla ya mabadiliko ya uendeshaji yaliyofanyika Malindi, Unguja, mwaka 2023, meli za makasha zilikaa siku nyingi nangani zikisubiri gati. Gharama ya kusubiri huishia katika bei ya unga dukani. Mpango mzuri wa zamu, karatasi za forodha zilizokamilika kabla chombo hakijafika, na malori yanayoitwa kwa saa maalumu na kuzimwa wakati wa kungoja, hayo hayahitaji mkopo wa kimataifa. Yanahitaji uaminifu na utaratibu. Na nahodha akijua saa halisi ya kupata gati, hana haja ya kukimbia. Wahandisi hutueleza kwamba chombo kikipunguza mwendo kwa sehemu moja ya kumi, huokoa karibu sehemu moja ya tano ya mafuta ya safari ile.

La pili ni matengenezo na mafuta. Tangu tarehe 1 Januari 2020 kanuni ya kimataifa imeshusha kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi asilimia 0.5. Kanuni njema isiyokaguliwa ni karatasi tu. Tuziombe mamlaka zetu za bandari na za usafiri wa baharini ziwe na wakaguzi wa kutosha, wenye vifaa, na wasiopokea bahasha. Hapo rushwa ni dhambi dhidi ya pafu na dhidi ya uhai.

La tatu ni umeme wa nchi kavu. Huu ni utaratibu wa meli iliyofunga gati kuvuta umeme kwa waya kutoka bandarini na kuzima injini zake zote. Bandari ya Gothenburg, Uswidi, ilianza kuzihudumia meli za mizigo hivyo mwaka 2000, na Umoja wa Ulaya umeagiza kwamba kuanzia mwaka 2030 meli kubwa za abiria na za makasha zifanye hivyo katika bandari zake kuu. Jirani zetu wa Mombasa nao wana sera ya bandari ya kijani. Mtasema, "Padre, huko ni Ulaya na Mombasa." Ni kweli kwamba kwa meli kubwa kazi hiyo ni ghali, na waya wetu wa Tanga una kikomo chake, haifai kuwanyima umeme wagonjwa wa hospitali ili kuipa meli. Lakini feri zinazokuja kwetu ni zile zile, zinafunga mahali pale pale, kwa ratiba inayojulikana. Hiyo ndiyo hali iliyo rahisi kuanzia. Gati linapofanyiwa ukarabati ndio wakati wa kuuliza kama mifereji ya nyaya imewekwa. Kuipasua zege baadaye ni gharama mara mbili.

La nne ni yale yanayoizunguka bandari: taka za meli zipokelewe nchi kavu zisitupwe mkondoni, mafuta machafu ya injini yasimwagwe, na mikoko isikatwe. Mikoko huhifadhi hewa ya ukaa katika matope yake kwa wingi, na wakati huo huo huzuia mawimbi. Na tusiyadharau majahazi ya Wete. Wazee wetu waliivuka bahari kwa kaskazi na kusi bila kuchoma hata kibaba cha mafuta. Leo wenye meli kubwa za Ulaya wanajaribu tena kutumia tanga pamoja na injini. Sisemi turudi nyuma, maana upepo peke yake haumwahishi mgonjwa hospitali. Nasema tu kwamba ujuzi huo ni mali, usizikwe pamoja na manahodha.

Nani alipe? Hapa ndipo penye haki yenyewe. Ikiwa gharama yote itaongezwa katika nauli, basi mama anayempeleka mtoto Mnazi Mmoja ndiye atakayelipia kosa la dunia. Haiwezekani. Mwezi Julai 2023 mataifa yalikubaliana katika Shirika la Kimataifa la Bahari kwamba gesijoto za meli zifikie sufuri halisi ifikapo mwaka 2050 au karibu na hapo. Ulipendekezwa mpango wa kuwatoza wachafuzi, na sehemu ya fedha kuzisaidia nchi maskini na za visiwa. Mwezi Oktoba 2025 uamuzi juu ya mpango huo uliahirishwa kwa mwaka mmoja. Wakubwa huahirisha, maji ya chumvi katika mpunga hayaahirishi. Sauti ya visiwa kama chetu inapaswa kusikika katika vikao hivyo kupitia serikali yetu, na serikali huisikia sauti ya wananchi wanapoijua hoja yao.

IV. MASWALI KWA JUMUIYA NDOGO NDOGO

Naomba kila Jumuiya itenge kikao kimoja kwa ajili ya maswali haya:

1. Katika Jumuiya yetu nani anafanya kazi bandarini au katika chombo? Tumewahi kumuuliza juu ya afya yake na usalama wake?
2. Tunaposafiri na kuona chombo kimejaza kupita kiasi, au kinatoa moshi mweusi usio wa kawaida, tunamwambia nani? Au tunanyamaza ili tusichelewe?
3. Ni wapi karibu nasi ambapo bahari imeingia mashambani au mikoko imekatwa? Tunaweza kupanda nini, na lini, pamoja na jirani zetu Waislamu?
4. Sisi wenyewe tumewahi kumpa karani kitu ili mzigo wetu upite bila kupimwa?

Swali la nne ndilo gumu, na ndiyo maana nimeliweka mwisho. Tukimlaumu mwenye meli huku sisi tumelipia nafasi isiyokuwapo, tumemsaidia kuizamisha meli. Mchuma janga hula na wa kwao.

Napendekeza pia kwamba Jumapili ya Bahari, ambayo Kanisa huiadhimisha Jumapili ya pili ya mwezi Julai, tuiadhimishe gatini, si kanisani tu. Utume wa Bahari ulioanzishwa Glasgow mwaka 1920 ulianza kwa walei wachache waliokwenda kuwasalimu mabaharia bandarini. Sisi nasi tunaweza kuanza kwa salamu, chupa ya maji kwa mchukuzi, na sala kwa ajili ya waliolala baharini.

Ndugu zangu, meli ya Paulo ilipovunjika, wenyeji wa Malta, wasiomjua wala kuijua imani yake, waliwawashia moto waliookoka, maana ilikuwa baridi na mvua. Asubuhi ile ya Septemba 2011 wavuvi wa Nungwi nao walisukuma vyombo vyao majini bila kumuuliza mtu kabila wala dini. Huo ndio moyo wa watu wa pwani, na tunao. Tunachotakiwa sasa ni kuutumia moyo huo kabla chombo hakijazama, wakati onyo bado linaweza kusikilizwa.

Bikira Maria, Nyota ya Bahari, atuombee.